Msukule Hana Dhambi

Kibanda cha vidio cha Karurumo kilikuwa nyuma ya poshomili. Kuta za mabati, viti ni mbao zilizolazwa juu ya mawe, na televisheni imefungwa juu karibu na paa ili hata sisi wafupi wa nyuma tuone. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Usipokuwa nayo, ulimchotea mwenye kibanda ndoo mbili za maji naye akakuruhusu uingie. Mwaka wa 2009 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilichota maji mengi sana.

Mchana zilikuwa muvi za mateke, DJ Afro akizisimulia kwa Kiswahili chake mpaka unasahau kwamba wale Wachina wana lugha yao. Lakini zilizojaza kibanda hadi mlangoni zilikuwa za jioni, zile za Nigeria. Unazijua. Jamaa hana kazi, anakutana na rafiki wa zamani aliyeshuka kwenye gari jeusi. Rafiki anampeleka usiku kwa watu waliovaa majoho mekundu. Anaambiwa alete mtu anayempenda kuliko wote. Baada ya hapo pesa zinamiminika, na baada ya pesa marehemu anaanza kuja, anasimama kando ya kitanda na poda usoni. Damu ilikuwa kama sharubati. Radi ilikuwa imechorwa na kompyuta. Wakati mwingine maikrofoni ilishuka ikaingia kwenye picha na kibanda kizima kikapiga kelele, "Toa hiyo!" Tulicheka, tukafunika macho, kisha tukacheka tena.

Halafu ilibidi turudi nyumbani gizani.

Njia yetu ilipita nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mnunuzi wa muguka, tajiri kwa viwango vya huko kwetu: geti la chuma, mbwa wawili, taa inayowaka usiku kucha. Ya pili ilikuwa ya nyanya mmoja mjane aliyeishi peke yake chini ya mwembe mkubwa. Nitamwita Cucu wa Mwembeni. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, pengine kwa moshi wa jikoni, na alikuwa na mazoea ya kuongea na kuku wake. Kwetu sisi ushahidi ulikuwa umetosha.

Usiku mmoja, tukiwa sita, tulisimama nje ya ua wake tukarusha mawe juu ya mabati huku tukiita "Murogi! Murogi!", yaani mchawi. Hakutoka. Wiki iliyofuata tukarudia. Mara ya tatu alitoka na taa ya mafuta mkononi akiuliza ni akina nani. Jiwe moja likampata juu ya nyusi. Taa ikaanguka. Tulikimbia.

Asubuhi yake mama alisema ni hizo vidio za Kinaijeria. Jumapili pasta akasema vivyo hivyo, na kibanda kikafungwa mwezi mzima. Hakuna mtu mzima aliyetushika mkono kutupeleka kwa Cucu tukaombe msamaha. Badala yake maneno yaligeuka polepole. Kwani kwa nini watoto walimchagua yeye? Si watoto huwa wanaona mambo? Mwaka uliofuata mtoto wa jirani aliugua homa akafariki, na macho ya kijiji yakaelekea kwenye mwembe. Kabla hayajatokea mengine, binti yake alikuja na pikapu kutoka Embu mjini akamchukua yeye na kuku wake. Nyumba ilikaa imefungwa miaka mingi.

Nimekaa na swali moja kwa miaka kumi na sita. Lile jiwe ni la nani? Siulizi tu lilitoka mkono gani. Nauliza lawama iende wapi: kwa muvi, kwa kijiji, au kwangu mimi?

* * *

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sababu ni ya kawaida: karo ilikwama, kisha nikakwama mimi. Nilirudi Karurumo na laptopu na deni, nikaanza kazi ambayo vijana wengi waliosoma Kenya wanaijua hata kama hawawaambii wazazi wao. Nawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Mwenye akaunti yuko Nairobi. Yeye ndiye anayejulikana na wateja, kwa jina la Kizungu na picha ya mtu ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Mimi napewa oda saa tatu usiku, naikabidhi saa kumi na mbili asubuhi. Mteja analipa, mwenye akaunti anakata nusu, yangu inaingia M-Pesa. Insha inabeba jina la mwanafunzi. Jina langu halipo popote. Mama anawaambia watu kijana wake "anafanya kazi ya kompyuta usiku."

Usiku mmoja ikaja oda: maneno elfu mbili kuhusu sinema za zombi na historia ya Haiti. Nikacheka. Hatimaye ndoo zangu za maji zingelipa.

Nilichokuta kilininyamazisha. Nilikuwa nadhani zombi ni yule maiti wa kwenye muvi za Marekani, anayekokota mguu akitafuta bongo za watu. Yule wa mwanzo hakula mtu. Alifanya kazi. Katika masimulizi ya Haiti, zombi ni mtu anayesemekana kufa na kuzikwa, kisha mtu mwenye uwezo wa giza akamtoa kaburini bila nia yake mwenyewe, akamtia shambani. Halalamiki, haombi mshahara, hachoki. Hebu fikiria watu waliobuni hofu hiyo walikuwa nani. Walikuwa wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kwenye koloni la Kifaransa la Saint-Domingue kulima miwa na kahawa mpaka wafe. Kwao kifo kilikuwa angalau mwisho wa zamu. Kitu cha kutisha kuliko kifo kilikuwa kufa halafu ukaambiwa urudi kazini.

Ukivuka mpaka wetu wa kusini utawakuta ndugu zake. Tanzania wanamwita msukule. Husimuliwa kwamba msukule ni mtu ambaye jamaa zake wamezika kitu wakidhani ni yeye, kumbe yeye amefichwa, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku anamlimia mwenyewe. Bahari nzima iko kati ya Dar es Salaam na Port-au-Prince, lakini hofu ni ileile: mtu mwingine anakula jasho lako na hata huna ulimi wa kusema.

Mmarekani mmoja, William Seabrook, alichapisha kitabu mwaka 1929 kiitwacho The Magic Island, na ndicho kilicholieneza neno zombi kwa Wamarekani. Wakati huo wanajeshi wa Marekani walikuwa wameikalia Haiti tangu 1915, na wangeondoka 1934. Walikuwa wamewalazimisha wakulima kujenga barabara, wakifungwa kamba wakijaribu kutoroka. Ndani ya kitabu hicho kuna hadithi ya bwana mmoja aitwaye Ti Joseph ambaye, katika msimu wa miwa wa 1918, alipeleka kundi la watu wenye macho makavu kufanya kazi kwenye mashamba ya kampuni ya sukari ya Haiti na Marekani. Kila siku ya malipo, Ti Joseph alipokea mshahara wao wote. Kulikuwa na sharti: wasile chumvi. Siku moja mke wake aliwaonea huruma akawapa peremende zenye karanga za chumvi. Walipoonja tu, wakajua wamekufa. Wakageuka, wakaanza kutembea kuelekea milimani kwao, kila mmoja akatafute kaburi lake.

Nilipofika hapo ilikuwa saa nane usiku. Niliondoa vidole kwenye kibodi nikaangalia simu. Mwenye akaunti alikuwa ameandika: "Umefika wapi, bro?"

* * *

Nilikabidhi oda. Mwanafunzi alipata alama nzuri, maana mwenye akaunti alinitumia kidole gumba. Lakini mimi niliendelea kutazama, safari hii kwa bando langu mwenyewe.

White Zombie ya 1932, ya mwongozaji Victor Halperin, ndiyo inayohesabiwa kuwa sinema ndefu ya kwanza ya zombi. Ilipigwa kwa siku 11, na Bela Lugosi anacheza mchawi mwenye kiwanda cha sukari. Kuna picha moja ndani yake ambayo siwezi kuisahau. Watu waliokufa wanazungusha kinu kikubwa, mbao zinalia. Mmoja anateleza anaangukia ndani ya miwa. Kinu hakisimami. Hakuna anayegeuza shingo. Mimi niliyekulia nyuma ya poshomili nilizima sauti.

Miaka 36 baadaye, mwaka 1968, kijana George Romero na marafiki zake wa Pittsburgh walitengeneza Night of the Living Dead kwa dola 114,000 hivi, pesa kidogo sana kwa sinema ya Marekani hata wakati huo. Msambazaji alipobadilisha jina la sinema alisahau kuweka alama ya hakimiliki, kwa hivyo mpaka leo ni mali ya umma, unaweza kuitazama bure sasa hivi. Humo maiti wanatembea wenyewe. Hakuna mchawi, hakuna shamba, hakuna anayewatuma. Shujaa ni mtu mweusi, Duane Jones, anayepambana usiku kucha akabaki hai, na asubuhi wanaume wenye bunduki wanampiga risasi wakidhani ni mmoja wa maiti. Hawakusogea karibu kuangalia.

Hapo ndipo niliona jambo ambalo lilinirudisha Karurumo. Katika sinema ya kwanza hofu inamwelekea bwana, yule anayenufaika. Katika ya pili bwana ametoweka, na hofu imebaki ikiwaelekea waliokufa. Sinema nyingi za zombi zilizofuata zilishika njia ya pili. Mnyonge aliyeibiwa mwili wake amegeuka kuwa tishio, na aliyemwiba hata hatajwi.

Tulifanya hivyohivyo usiku ule. Muvi tuliyotoka kutazama ilikuwa imetuambia wazi nani mwovu. Ni tajiri. Ni jamaa mwenye gari jeusi aliyemtoa mkewe kafara. Muvi hizo zimesema hivyo tangu Living in Bondage ya 1992, ile ya Kiibo iliyopigwa kwa kanda za VHS na kuamsha biashara nzima ya vidio Nigeria: Andy anamuua mkewe Merit ili apate pesa, anazipata, na mzimu wa Merit unamfuata mpaka akili inamtoka. Hakuna bibi kizee maskini anayelaumiwa hapo. Muvi ilinyoosha kidole kwenye geti la chuma.

Na sisi tulipita kwenye geti la chuma kimyakimya, tukinyata, kwa sababu kulikuwa na mbwa. Hatukurusha hata kokoto. Tuliyaweka mawe mfukoni mpaka kwa mtu asiye na mbwa.

Sisemi kwamba mnunuzi wa muguka alikuwa mchawi. Hakuwa na kosa lolote ninalolijua. Nasema kwamba hata kama tungeamini kila kitu kwenye ile muvi, tulimpiga mtu asiyefanana na mkosaji wake hata kidogo.

* * *

Kwa hivyo nimejitengenezea kipimo kidogo. Nakiita swali la magugu. Mtu akiniambia fulani ana misukule, au anapata nguvu za giza, namwuliza: shamba lake likoje? Kama ana watu kumi wanaomlimia usiku, mbona shamba lina magugu? Kama anafuga majini ya pesa, mbona paa lake linavuja? Cucu wa Mwembeni alikuwa anaomba chumvi kwa jirani. Mchawi gani huyo anayekosa chumvi?

Kipimo hiki hakitumiki kwa nyanya peke yao. Haiti ilijikomboa mwaka 1804, baada ya watumwa kuwashinda wanajeshi wa Napoleon. Inasimuliwa kwamba mapinduzi yale yalianzia kwenye sherehe ya Vodou pale Bois Caïman mwezi wa Agosti 1791. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari kuidai Haiti faranga milioni 150 kama fidia ya waliopoteza mashamba, na mashamba hayo ni pamoja na watu wenyewe. Deni lilipunguzwa 1838 hadi milioni 90, lakini mikopo iliyotokana nalo haikuisha mpaka 1947. Halafu tetemeko la Januari 2010 lilipoangusha Port-au-Prince, mhubiri wa televisheni wa Marekani, Pat Robertson, alisema Wahaiti waliwahi kufanya mkataba na shetani. Uliza swali la magugu. Kama kulikuwa na mkataba, faida ilienda kwa nani? Anayesemekana kuuza roho ndiye aliyelipa miaka mia moja na zaidi, na aliyelipwa anaitwa mstaarabu. Haiti ni Cucu wa Mwembeni wa dunia.

Na hapa nyumbani? Mei 2008, kule Kisii, watu 11 walichomwa moto wakiitwa wachawi, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti hiyohiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizohizo. Kilifi wazee wa kiume wenye mvi wameuawa mwaka baada ya mwaka, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze kupata mahali pa kulala. Ukisikiliza kesi za Kilifi, mara nyingi chini ya neno uchawi kuna neno shamba. Mzee akiondoka, ardhi inabaki. Uliza swali la magugu hapo na utajua nani anayelimiwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, ya wakoloni. Watu wengi wanadhani inamwadhibu mchawi peke yake. Lakini kumo ndani yake kosa la kumtuhumu mtu kuwa mchawi, isipokuwa kama unapeleka habari hizo kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka mwingine. Kwa maneno mengine, sisi sita tulikuwa wahalifu wa sheria ya 1925, na kijiji kizima kilichonong'ona baadaye pia. Hakuna aliyeshtakiwa. Kilichofungwa ni kibanda cha vidio.

* * *

Naweza kuishia hapo, na ningeonekana mtu mzuri. Nimetetea muvi, nimetetea nyanya, nimewasema matajiri. Ila kuna jambo ambalo rafiki yangu wa bodaboda aliniharibia.

Nilikuwa namsimulia hadithi ya Ti Joseph, tukiwa tumeketi kwenye pikipiki yake pale stejini tukisubiri mvua ipungue. Nikamwambia, "Hata mimi ni msukule bana. Nafanya kazi usiku, jina si langu, mshahara unachukuliwa na mtu mwingine." Nilikuwa nimeipenda sana hiyo sentensi. Nilikuwa nimepanga iwe ndiyo mwisho wa insha hii.

Akanitazama. "Wewe si msukule. Msukule hana M-Pesa."

Nikacheka, lakini alikuwa hajamaliza. "Na tena msukule hana dhambi. Si anafanywa? Wewe unafanya. Juzi si uliniambia umemwandikia nesi mtihani wake?"

Nilikuwa nimemwambia hivyo, nikijisifu. Ilikuwa ripoti ya mwanafunzi wa uuguzi, kuhusu vipimo vya dawa kwa watoto wachanga. Niliisoma mada hiyo usiku mmoja nikaandika vizuri kabisa. Mahali fulani ng'ambo sasa kuna nesi mwenye cheti, na sehemu ya kichwa chake kuhusu dawa za watoto iko Karurumo, kwenye kichwa cha mtu aliyeacha chuo. Sijui ni nani. Sijui anafanya kazi wodi gani. Nikifikiria hilo usiku, sihitaji muvi.

Tangu siku hiyo nimeona kwa nini hadithi ya msukule ni tamu kwetu sisi vijana. Inasema ukweli kuhusu wanaotunyonya. Lakini pia inatupa msamaha wa bure. Ukishakuwa msukule, hakuna ulichofanya. Soko lilinituma, serikali ilinituma, umaskini ulinituma. Ni usemi uleule wa mama yangu mwaka 2009: vidio ndizo zilizorusha jiwe. Alisema hivyo kwa upendo, ili kunilinda. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba mkono wake si wake, ndio kwanza ameanza kufanywa msukule.

Watu wa Saint-Domingue ndio wangekuwa na haki ya kusema hawakuwa na hiari. Mtu amefungwa mnyororo, anachapwa, anauzwa. Na bado wao ndio waliokataa. Mimi nimefungwa na nini? Na kodi ya nyumba, na deni, na aibu ya kurudi nyumbani bila digrii. Ni mizigo ya kweli, siidharau. Mtu mwenye njaa hachagui kama mtu aliyeshiba. Lakini kuchagua kwa shida bado ni kuchagua, na hiyo shida inapunguza lawama bila kuimaliza. Ndani ya ile nafasi ndogo iliyobaki, ndimo ninamoishi mimi kama mtu na si kama maiti. Nikiikana ili nisilaumiwe, nimejizika mwenyewe. Ti Joseph hatakuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hivyo nikirudi kwenye swali langu, jibu ninaloweza kulisimamia ni hili. Kijiji kilitupa jina la kuita. Umaskini wa Cucu ulitupa mtu wa kuonea bila hatari. Muvi ilitupa hofu, na hofu peke yake si dhambi. Nilikuwa na haki ya kuogopa na hata kufurahia kuogopa. Lakini hatua kutoka geti la chuma hadi mwembeni nilizipiga mwenyewe, na niliinama mwenyewe kuokota.

Nimeacha oda za uuguzi, dawa na kitu chochote ambacho mtu anaweza kufa kwacho. Zile nyingine bado sijaziacha zote. Naandika hivyo kwa sababu insha inayomalizika mwandishi akiwa ametakata huwa siiamini, na nimeziandika nyingi za namna hiyo kwa malipo.

* * *

Cucu wa Mwembeni alirudi nyumbani miaka michache iliyopita. Binti yake aliaga dunia, na wajukuu hawakuwa na nafasi. Alikuta mwembe ungali pale. Mimi nilimpita barabarani zaidi ya mwaka mzima, nikimwamkia haraka na kuangalia pembeni.

Agosti iliyopita nilinunua kilo mbili za sukari, majani ya chai na pakiti ya chumvi, nikaenda. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Juu ya nyusi ya kushoto kuna alama ndogo, kama mtu aliyebonyeza kidole kwenye udongo. Aliniuliza mimi ni wa nani, nikamtajia mama, akaitikia kwamba anamjua. Nikakaa kwenye kigoda. Nikamwambia nilikuwa mmoja wa wale watoto. Nikasema tulikuwa sita, kulikuwa giza, na kwamba sijui jiwe lililompata lilikuwa la nani. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli, lakini nilisikia mwenyewe jinsi sentensi hiyo ilivyokuwa ikitafuta mlango wa kutokea.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, kwa Kiembu, bila hasira, "Mawe yalikuwa mengi. Lako lilikuwa lipi?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa. Baada ya muda alinisogezea ungo, nikaanza kutoa maharagwe mabovu. Tulifanya hivyo mpaka jua likaanza kuzama, naye akawaita kuku wake mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina.

Paa lake linavuja upande wa jikoni. Kuna mahali mabati yamebonyea. Jumamosi fundi anakuja, na mimi ndiye nitakayemshikia ngazi.